Makaburi ya Tongoni yanaelekea wapi? Maana ya mwelekeo wa kifalaki na dhana ya ustaarabu uliopotea

Magofu ya Tongoni yako kama kilomita 17 kusini mwa mji wa Tanga, jirani na barabara ya Pangani. Umebaki msikiti usio na paa na makaburi yapatayo 40, mengi ya karne ya 14 na ya 15, mengine yakiwa na nguzo za mawe ambazo nyingi zimekwisha kuanguka. Ukienda na dira, hata ile ya kwenye simu, utaona makaburi yamelala mashariki kwa magharibi. Nenda tena alfajiri ya tarehe 20 Machi, siku ambayo mchana na usiku hulingana, na jua litachomoza upande wa bahari, usawa wa kichwani mwa kaburi. Jioni litazama upande wa miguuni.

Mgeni asiyejua waliolala pale ni kina nani angeweza kurudi kwao akaandika kwamba watu wa Tongoni waliabudu jua, wakawalaza wafu wao wakiisubiri asubuhi ya siku mlingano. Vipimo vyake vingekuwa sahihi na maneno yake yote yangekuwa ya uongo.

Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kutoka Tongoni, Makka iko karibu kaskazini kabisa: ukipiga hesabu juu ya duara la dunia, kibla kimeegemea mashariki ya kaskazini kwa kama digrii moja na nusu tu. Sasa mlaze mtu kwa ubavu wa kulia akitazama kaskazini. Kichwa chake hakina pa kwenda ila mashariki. Makaburi yakapata mstari wa jua bila mchimbaji hata mmoja kuliwazia jua. Angezikwa mtu yuleyule Lagos au Jakarta, mstari ungekuwa mwingine kabisa.

Nimeanza na makaburi haya kwa sababu yanabeba karibu kila kitu kinachohitajika ili kuielewa dhana ambayo siku hizi inazungumzwa sana vijiweni na kwenye simu za vijana wetu: kwamba zamani za kale kulikuwa na ustaarabu mkubwa uliopotea, na kwamba ushahidi wake umefichwa katika majengo matakatifu yaliyopangwa kufuata nyota.

Kwanza lile neno mwelekeo. Jengo, kaburi au safu ya mawe huwa na mwelekeo wa kifalaki pale linapotazama mahali maalumu angani: jua linapochomoza siku fulani ya mwaka, mwezi unapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini au ya kusini, nyota fulani inapozuka. Falaki ni neno letu la siku nyingi kwa elimu ya jua, mwezi na nyota, na wanaochunguza mambo haya katika magofu wanafanya akiolojia ya falaki. Ni elimu halali kabisa. Ugumu wake ni kwamba jina moja limebeba vitu viwili: mwelekeo uliokusudiwa na mwelekeo uliojitokea tu. Dira haiwezi kuvitofautisha. Inahitaji kuwajua watu.

Mfano wa uliokusudiwa uko Ireland, mahali paitwapo Newgrange. Ni kaburi kubwa la mawe lililofunikwa udongo, la mwaka 3200 KK hivi. Juu ya mlango wake kuna kitundu cha mraba. Tarehe 21 Desemba 1967, mchimbaji wa magofu hayo, Michael O'Kelly, aliketi ndani gizani alfajiri, na jua lilipochomoza mwale ukapita katika kitundu kile, ukatambaa kwenye ujia mrefu hadi chumba cha ndani kabisa. Hukaa humo kama dakika 17, katika siku chache tu za mwaka zinazozunguka ile yenye mchana mfupi kuliko zote. Kinachonishawishi mimi ni kile kitundu. Watu hupitia mlangoni. Kitundu hakina kazi nyingine yoyote. Aliyekiweka alitaka mwanga upite, na upite siku ile.

Ustaarabu uliopotea ni dai la namna nyingine. Wanaolishikilia husema kwamba kabla ya Misri na kabla ya miji ya Iraki, pengine miaka 12,000 iliyopita, kulikuwa na watu wenye elimu kubwa ya kujenga, kusafiri baharini na kusoma nyota. Gharika ikawamaliza. Wachache waliopona wakatawanyika duniani wakiwafundisha wengine, na ndiyo maana, wanasema, tunaona mapiramidi Misri na Meksiko, na mawe makubwa Uingereza na Peru. Chimbuko la hadithi hii ni Plato wa Ugiriki, ambaye mnamo 360 KK alisimulia habari za kisiwa cha Atlantis kilichozama baharini. Kwake ilikuwa sehemu ya mazungumzo juu ya dola njema na dola yenye kiburi. Aliyeigeuza kuwa historia ya dunia nzima ni mwanasiasa wa Marekani, Ignatius Donnelly, mwaka 1882, na wengi waliokuja baadaye wametembea katika nyayo zake hata pale wasipomtaja.

Kwa nini dai hili linazishika nyota kwa nguvu hivi? Kwa sababu halina vigae. Mji wowote ulioishi watu huacha vyungu vilivyovunjika, mifupa ya walichokula, mbegu, majivu, shanga, mavi ya chuma. Ustaarabu huu haujaacha hata kimoja. Basi anga huitwa kutoa ushahidi badala ya udongo.

Na anga kweli ina saa ndani yake. Umewahi kuona pia ya mtoto inapopunguza mbio: inazunguka bado, ila kichwa chake kinachora duara polepole. Dunia hufanya vivyo hivyo, na mzunguko mmoja wa kuyumba kwake huchukua karibu miaka 26,000. Kwa hiyo nyota husogea kwa kama digrii moja kila miaka 72 zikilinganishwa na mahali jua linapokuwa siku mlingano. Ukiwa na hakika kwamba jengo lilielekezwa kwenye nyota fulani, unaweza kurudi nyuma na kukadiria lilijengwa lini. Ndiyo njia aliyoitumia mwandishi Robert Bauval alipodai katika miaka ya 1990 kwamba mapiramidi matatu ya Giza ni picha ya nyota tatu za mkanda wa Orioni, kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, na wenzake wakaenda mbele zaidi wakisema picha hiyo ni ya anga ya mwaka 10,500 KK.

Mtego uko katika lile neno "ukiwa na hakika". Saa inafanya kazi pale tu ambapo unajua tayari kwamba mjenzi aliikusudia nyota ile. Usipojua, unapata mwaka wowote utakao kwa kuchagua nyota uitakayo.

Giza ina ushahidi mzuri kuliko nyota, na nasikitika kwamba hausimuliwi kama unavyostahili. Karibu na mapiramidi umechimbuliwa mji wa wafanyakazi, pamoja na sehemu za kuokea mikate na makaburi ya wajenzi wenyewe. Kisha mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, zikapatikana karatasi za mafunjo zilizo za kale kuliko nyingine zote zenye maandishi zilizowahi kupatikana Misri. Miongoni mwake ni daftari la mtu aitwaye Merer, kiongozi wa kikosi cha mabaharia, aliyeandika siku kwa siku jinsi watu wake walivyosomba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, wakati wa mfalme Khufu. Lilipolala kundi, lilipopakia, lilipofika. Mtu wa Tanga aliyewahi kuona daftari la nahodha wa jahazi hahitaji kutafsiriwa. Miaka 4,500 na zaidi, na kazi ni ileile: shehena, maji, siku.

Piramidi hilo kubwa limeelekezwa pande nne za dunia kwa usahihi wa ajabu, kosa lake ni sehemu ndogo tu ya digrii moja. Hapo mwelekeo umekusudiwa, hakuna ubishi. Unathibitisha kwamba watu wa Merer walikuwa na wapimaji hodari. Hauhitaji mtu wa tatu kutoka kisiwa kilichozama.

Karibu zaidi na kwetu, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana nchini Kenya, kuna nguzo za mawe zinazofahamika kwa jina la Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti wawili walitangaza kwamba nguzo 19 za hapo zilielekezwa kwenye nyota zinazotumika katika kalenda ya Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, na kwamba ni za mwaka 300 KK hivi. Kwa Afrika ya kusini ya Sahara ilikuwa habari kubwa, na nina hakika wengi waliipokea kwa furaha kama ambavyo ningeipokea mimi. Baadaye akaja mtafiti mwingine kupima upya, akaonyesha kwamba mawe yenyewe yana sumaku, kwa hiyo huivuta dira. Uchimbaji uliofuata ukaonyesha nguzo za aina hii kandokando ya ziwa hilo ni za zamani zaidi, za wafugaji wa kwanza wa eneo lile, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Nyota za mwaka 300 KK hazikuwa mahali pale miaka 2,000 kabla yake. Dunia, kama pia ile ya mtoto, ilikuwa imekwisha kuyumba. Kalenda ya Waborana ni elimu ya kweli na ipo hadi leo. Kilichokatika ni kamba iliyoifunga na mawe yale.

Kuna na suala la hesabu, ambalo watu hulipita haraka. Chukua makaburi 40 ya Tongoni na uunganishe kila moja na kila jingine kwa mstari. Utapata mistari 780. Sasa orodhesha vitu vya kuvilenga angani: jua lina sehemu sita muhimu za kuchomoza na kuzama, mwezi nane, na ukiongeza nyota kumi zinazong'aa, kuzuka na kutua, unafika 34. Kila sehemu ipe nafasi ya digrii mbili, maana mawe ya kale hayanyooki kama rula. Umefunika digrii 68 kati ya 360. Mistari zaidi ya 140 italenga kitu fulani mbinguni bila mtu yeyote kuikusudia. Ukiwaonyesha watu kumi mizuri tu na kunyamaza juu ya 770 iliyobaki, utapigiwa makofi. Hoja kwamba hekalu la Angkor Wat liko digrii 72 mashariki ya Giza na kwa hiyo yote mawili ni kazi ya akili moja ni ya ukoo huohuo. Angkor Wat ni jengo la karne ya 12 BK, limechelewa kwa zaidi ya miaka 3,500.

Lakini ubaya wa dhana hii hauishii kwenye hesabu, na hapa nasema kama mtu wa pwani. Kila inapotua, huwanyang'anya wajenzi kazi yao. Mwaka 1871 msafiri Mjerumani, Karl Mauch, alifika kwenye kuta za Zimbabwe Kuu, akaona kipande cha mti mlangoni, akaamua ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba pale palikuwa kwa Malkia wa Sheba. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alionyesha mwaka 1905 kwamba vitu vilivyomo ni vya Waafrika, Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929, na bado serikali ya Rhodesia iliendelea kuwabana waliotaka kusema hivyo hadharani. Waliosemwa hawapo walikuwa babu zao Washona, wakiishi palepale.

Miji yetu ya mawe nayo iliandikwa kwa muda mrefu kama makoloni ya wageni. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ulikuta msikiti chini ya msikiti, ukishuka hadi kijumba kidogo cha miti cha karne ya 8, katikati ya kijiji kilichokuwa kikikua chenyewe. Mwaka 2023 ukatolewa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa, wengi wao pwani, kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama. Upande wa baba wengi wana asili ya Uajemi, na mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo hadithi ya Washirazi ina ukweli ndani yake, na kijiji cha Shanga kina ukweli wake. Ndoa ilifungwa. Wazao wa ndoa hiyo hawajapotea. Baadhi yenu mnaosoma hapa ndio wao.

Angalia msikiti wa Tongoni kwa macho hayo. Mawe yake ni matumbawe. Ya baharini yanapotolewa mabichi huwa laini, fundi huyachonga mihrabu na miimo ya milango, kisha hukauka yakawa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo juu ya magogo. Paa lilishikwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Elimu yote hiyo ipo, ina majina kwa Kiswahili, na mafundi wa kuchoma chokaa wamekuwapo hadi enzi zetu.

Elimu ya nyota pia tunayo, haikuhitaji kuletwa na waliookoka gharika. Kilimia, lile kundi dogo la nyota lililoitwa hivyo kwa ajili ya kulima, hupotea machoni jioni mwanzoni mwa Mei na kuzuka tena alfajiri ndani ya Juni. Wahenga waliliwekea kanuni: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Suheli ni nyota kubwa ya kusini, na jina lake likawa jina la upande wa kusini wenyewe, kama vile kibla kilivyokuja kuwa pia na maana ya kaskazini. Mwaka wa Nairuzi, ule unaosherehekewa Makunduchi kila Julai, huhesabiwa kwa siku 365 zilizogawanywa makumi makumi, na mabaharia waliutumia kujua kaskazi itaanza lini na kusi lini. Nyota ya kaskazini wanayoisifu mabaharia wa Ulaya haionekani Tongoni hata siku moja, kwa sababu tuko kusini ya ikweta. Wazee wetu walifanya kazi na anga nyingine.

Kuna kitu kimoja kilichopotea kweli katika pwani hii, na kinastahili hamu yote tunayoipoteza kwa Atlantis. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia cha karne ya 1 BK kinautaja mji wa Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, jina lake likitokana na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Mtepe, kwa lugha yetu. Palinunuliwa pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Palishushwa mikuki, mashoka na visu. Wapo wanaoutafuta Pangani, wapo wanaoutafuta delta ya Rufiji. Huo ni mji uliopotea: kuna aliyeufikia, kuna aliyeuandika, kuna bidhaa. Ustaarabu uliopotea hauna hata orodha ya shehena.

Wenye dhana yao hujibu kwamba bahari imefunika kila kitu, na hapo wana nusu ya haki. Tangu miaka 20,000 iliyopita bahari imepanda kama mita 120, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Ila watu hawakuishi ufukweni peke yake. Pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, limetunza tabaka juu ya tabaka za maisha ya watu tangu miaka 78,000 iliyopita, akiwemo mtoto mdogo aliyezikwa humo kwa uangalifu, ambaye watafiti wamempa jina la Mtoto. Tabaka za miaka 12,000 iliyopita zimo. Ni za wawindaji, na zana zao za mawe.

Anayetaka kujaribu mwelekeo wa kweli kwa mkono wake anaweza kufanya hivi. Jua hupita juu kabisa ya Makka mara mbili kwa mwaka: tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27. Majira yetu na ya Makka ni mamoja, huna haja ya kubadili kitu. Simika fimbo wima pale Tongoni dakika hiyo. Kivuli kitaangukia kusini. Kifuate kutoka ncha yake hadi shina la fimbo, endelea na mstari huohuo mbele, kisha kaulinganishe na mihrabu ya msikiti. Nenda na maji ya kunywa na kofia. Saa hiyo hakuna kivuli kingine cha kujisitiri zaidi ya kuta.